Mtoto Anayeziba Masikio Si Mkaidi: Tujifunze Usonji na Milango ya Fahamu



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia magonjwa yanayoonekana, kama vile malaria, kuhara, upungufu wa damu na kifua kikuu. Mwezi huu tunapenda tukae pamoja tujifunze jambo ambalo halionekani kwa darubini wala halipimwi kwa damu, lakini linaleta machozi mengi katika familia zetu.

Siku moja mama mmoja kijana alifika kliniki kwetu akimvuta mkono mtoto wake wa kiume wa miaka mitano. Miguuni mtoto alikuwa na alama za fimbo.

"Shikamoo sista," alisema mama. "Naomba unisaidie, huyu mtoto amenishinda. Kila Jumapili ananitia aibu kanisani. Ngoma zikianza tu, anaziba masikio, anapiga kelele, anajitupa chini. Baba yake amemchapa, haisaidii. Bibi yake anasema ana pepo, ndiyo maana hawezi kuvumilia mambo ya Mungu."

Tulipokuwa tukizungumza, mhudumu aliangusha trei ya vyombo sakafuni, nje ya chumba. Sisi tuligeuza shingo tu. Mtoto aliingia chini ya meza, mikono masikioni, akitetemeka mwili mzima na jasho likimtoka. Pale hapakuwa na ngoma, wala sala, wala padre. Palikuwa na kelele tu.

Mtoto yule hakuwa na pepo, na hakuwa mkaidi. Alikuwa na usonji, na sauti ambayo kwetu ni kero ndogo, kwake ilikuwa maumivu. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu: mtu mwenye usonji anaupokea ulimwengu kwa namna tofauti na wengi wetu, na tusipolielewa hilo tunamwadhibu kwa sababu ameumia.

USONJI NI NINI?

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna tofauti. Mtu huzaliwa nayo na huishi nayo maisha yake yote. Haiambukizi. Si laana ya ukoo, wala haitokani na mama kukosa upendo. Wazo la kumlaumu mama lilienea sana Marekani na Ulaya katika miaka ya 1950 na 1960, likaumiza wazazi wengi bure, na baadaye likatupwa. Leo inajulikana kwamba chembe za urithi zina sehemu kubwa katika jambo hili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waumini 3,000 inaweza kuwa na watu zaidi ya 20 wa namna hii. Wengine hawasemi kabisa, na wengine wamesoma na wana kazi zao. Wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la hali yao.

Alama za usonji ni za aina mbili. Ya kwanza ni ugumu katika mawasiliano na kuchangamana na watu. Ya pili ni kurudiarudia vitendo, kushikilia mambo yaleyale, na kutaka kila kitu kiwe kama jana. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika kitabu chao cha kutambulia magonjwa, waliongeza katika aina hii ya pili jambo tunalojifunza leo: kushtushwa mno, au kutoshtushwa kabisa, na sauti, mwanga, mguso, harufu, ladha au maumivu.

Lakini jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza. Alikwisha kuona kwamba baadhi yao waliingiwa na hofu kubwa kwa sababu ya sauti kubwa na vitu vinavyojongea. Aliona pia jambo ambalo wazazi wengi hutuuliza hadi leo: mtoto huyohuyo anayeogopa kelele anaweza kupiga kelele nyingi yeye mwenyewe na kufurahi. "Sista, mbona yeye anapiga sufuria kutwa nzima?" Jibu ni kwamba sauti anayoipiga mwenyewe anajua inakuja lini na itakoma lini. Ngoma ya mwenzake inamvamia.

MILANGO YA FAHAMU NI ZAIDI YA MITANO

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Iko mingine mitatu ambayo hatuitaji mara nyingi.

Kwanza, ndani kabisa ya sikio kuna fahamu ya msawazo. Hiyo hutuambia kama tumesimama, tumeinama au tunazunguka. Pili, kuna fahamu ya misuli na viungo. Hiyo ndiyo inayokuwezesha kupeleka tonge mdomoni gizani bila kukosea. Tatu, kuna fahamu ya mambo ya ndani ya mwili, kama njaa, kiu, haja kubwa na ndogo, joto, na maumivu ya tumbo.

Sasa, ndugu msomaji, hebu tufanye jaribio. Weka ukurasa huu kando kwa dakika moja, funga macho, uhesabu sauti zote unazozisikia. Utasikia jogoo, redio ya jirani, pikipiki, upepo juu ya bati, pumzi yako mwenyewe. Sauti hizo zilikuwapo wakati wote ulipokuwa unasoma, ila hukuzisikia. Vivyo hivyo, mpaka tulipoitaja sasa hivi, hukuwa unahisi ukosi wa shati lako shingoni.

Ni ubongo wako uliokufanyia kazi hiyo. Kwenye milango ya fahamu ubongo umeweka mlinzi. Mlinzi huyo huruhusu la maana lipite, na mengine huyaambia yasubiri nje. Jambo likijirudia mara nyingi bila madhara, mlinzi hulizoea na kuacha kutoa taarifa. Ndiyo maana anayeishi karibu na mashine ya kusaga hulala mchana bila shida.

Kwa watu wengi wenye usonji mlinzi huyu hafanyi kazi hivyo. Masikio yao ukiyapima huenda ni mazima kabisa, na macho vilevile. Tofauti iko katika ubongo unavyopanga taarifa zinazoingia. Uchunguzi wa ubongo kwa mashine za picha, uliofanywa kwa watoto na vijana wenye usonji wanaosumbuliwa na sauti na mguso, umeonyesha kwamba sehemu za ubongo zinazopokea taarifa hizo, pamoja na sehemu inayoshughulika na hofu, huamka kwa nguvu zaidi na huchelewa kuzoea. Sauti ya kumi inawashtua karibu sawa na ya kwanza. Hivyo mzazi anaposema, "Atazoea tu," mara nyingi anamtaka mtoto afanye jambo ambalo ubongo wake haulifanyi kirahisi.

Tena mambo mengi huingia kwa pamoja. Mwalimu anazungumza, wenzake wananong'ona, kiti kinakwaruza sakafu, taa ya tyubu inavuma. Sisi tunaichagua sauti ya mwalimu. Mtoto huyu anaweza kupokea zote kwa nguvu moja, akashindwa kuokota maneno. Mwalimu akaandika kwamba hasikilizi.

WANAOPOKEA MNO

Mtoto anayepokea mno utamtambua kwa mambo kama haya. Mvua ikinyesha juu ya bati, analia au anajificha uvunguni. Hataki kunyolewa, kusukwa wala kukatwa kucha. Anavua nguo mpya au sare kwa sababu kitambaa kinakwaruza. Anafunika uso juani. Anakataa mlenda kwa kuwa unateleza, au ugali uliogusana na mchuzi. Harufu ya dagaa inamfanya atapike. Ukimgusa kidogo begani anaruka kama aliyeguswa na moto.

Watu wenye usonji waliokua na kuweza kueleza wametusaidia sana. Mmoja wao ni Temple Grandin, aliyezaliwa Boston, Marekani, mwaka 1947. Hakusema hadi alipofikia miaka mitatu na nusu. Baadaye alisoma, akawa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, na akaandika vitabu juu ya maisha yake. Anaeleza kwamba kengele ya shule ilimwumiza kama mashine ya daktari wa meno inapogusa mshipa wa fahamu. Anaeleza pia kwamba alipokuwa mtoto alifanya vurugu kanisani kwa sababu magagulo ya Jumapili yalimkwaruza ngozi. Watu wazima waliona mtoto asiye na adabu. Hakuna aliyefikiria nguo.

Jambo jingine alilotufundisha ni hili. Mguso mwepesi wa ghafla ulimtisha, lakini kubanwa kwa nguvu na kwa utulivu kulimpoza. Akiwa kijana aliwaona ng'ombe katika ranchi ya shangazi yake huko Arizona wakibanwa kwenye kibanio cha chanjo, na baadhi yao wakatulia. Akajitengenezea kibanio chake cha mbao, ambacho alikiendesha mwenyewe, akakaza na kulegeza kadiri alivyotaka. Mama zetu hawahitaji mashine. Watoto wengi wa namna hii hutulia wakifungwa kanga mgongoni au wakizungushiwa blanketi zito, mradi wametaka wenyewe na wanaweza kutoka.

WANAOPOKEA KIDOGO

Upande wa pili haupigi kelele, na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Kuna watoto ambao taarifa huwafikia kidogo au huwafikia kwa kuchelewa. Hawa huzunguka bila kuona kizunguzungu, hujigonga ukutani kwa kutafuta kuhisi, hutafuna nguo, hula udongo, huangalia jua. Wengine hawajui kwamba wana njaa, au kwamba kibofu kimejaa, hadi wamejilowesha. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na pande zote mbili: masikio yanapokea mno, ngozi inapokea kidogo. Tena hubadilika, kwani siku aliyolala vibaya au ana homa huvumilia kidogo zaidi.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea wodini binti wa miaka saba mwenye usonji. Alikuwa amekanyaga kaa la moto jikoni. Hakulia. Mama yake aligundua siku ya tatu, kwa harufu ya usaha. Tulipokuwa tukimsafisha kidonda, binti alikaa kimya akiangalia dirisha. Nasi tukaandika katika faili kwamba hana maumivu. Kwa siku mbili hakupewa dawa ya maumivu waliyopewa watoto wengine wenye vidonda kama chake. Usiku hakulala, alikuwa akigonga kichwa ukutani. Tukasema, "Ndiyo hali yake hiyo."

Muuguzi aliyekuwa mdogo kuliko sote ndiye aliyeshauri ajaribiwe kwa dawa ya maumivu. Alipopewa, alilala hadi asubuhi, na usiku ule hakugonga kichwa.

Zamani hata vitabu vilidai kwamba watu wenye usonji hawasikii maumivu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba wanaumia, wengine pengine zaidi yetu, ila wanaonyesha kwa njia nyingine. Basi, wazazi na wauguzi wenzetu, tusiyapime maumivu ya mtoto huyu kwa machozi. Tuangalie kama ameacha kula, halali, anajipiga, anashika sehemu moja ya mwili, au amebadilika ghafla. Mtoto anayeanza kujipiga kichwani achunguzwe kwanza masikio, meno na koo kabla ya kusema kwamba ni tabia.

KUZIDIWA SI UKAIDI

Taarifa zikiingia nyingi kuliko ubongo unavyoweza kupanga, mtoto huzidiwa. Wengine hulipuka: hupiga mayowe, hujitupa, huuma, hukimbia. Wengine huganda kimya, au hulala ghafla katikati ya watu.

Mtoto anayedeka anataka kitu. Anakutazama kama unamwona, na akipewa ananyamaza. Mtoto aliyezidiwa hatafuti kitu chochote kwako. Hata ukimpa pipi haachi, kwa sababu hajui namna ya kuacha. Kumchapa wakati huo ni kuongeza maumivu juu ya maumivu. Ndivyo ilivyo pia anapopelekwa kuchanjwa chale, au watu kumi wanapomzunguka na kumwombea kwa sauti kubwa huku wamemshika kichwa. Kumwombea mtoto ni jambo jema, lakini tumwombee kwa sauti anayoweza kuivumilia.

Anapozidiwa, fanyeni hivi. Punguzeni sauti na watu. Mpelekeni mahali tulivu na penye kivuli. Ondoeni vitu vinavyoweza kumdhuru. Semeni maneno machache, kwa upole, au msiseme kabisa. Msimlazimishe kuwatazama machoni. Kisha subirini. Inaweza kuchukua dakika kumi, inaweza kuchukua saa nzima. Akijitikisa au akipunga mikono, mwacheni, maana hiyo ni njia yake ya kujipoza, isipokuwa kama anajiumiza.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Hakuna dawa ya kuponya usonji, na anayewauzia dawa ya namna hiyo anawaibia. Lakini yapo mengi ya kumpunguzia mtoto mateso, na mengi hayahitaji fedha.

1. Wekeni daftari. Kwa wiki mbili andikeni kila mara mtoto anapozidiwa: saa ngapi, wapi, nani alikuwapo, sauti gani, harufu gani, alivaa nini, alikula lini. Baada ya wiki mbili someni yote kwa pamoja. Mara nyingi mtaona jambo lililojificha.

2. Mwambieni kabla. "Sasa mashine itawaka." "Mvua inakuja." Asiyeelewa maneno aonyeshwe kitu: taulo kabla ya kuoga, kiatu kabla ya safari. Jambo analolitarajia linamwumiza kidogo kuliko linalomvamia.

3. Nguo. Kateni lebo ya shingoni. Nguo mpya ifuliwe mara kadhaa kabla ya kuvaliwa. Kama mshono unamkwaruza, mvalisheni fulana laini ndani ya sare.

4. Mguso. Mwendeeni kutoka mbele, si kutoka nyuma. Mshikeni kwa mkono thabiti kuliko kumpapasa. Wageni waambiwe kwamba anaweza kuamkia bila kushikwa kichwa.

5. Chakula. Msimlazimishe wala kumziba pua. Wekeni chakula anachokubali, na pembeni kipande kidogo sana cha kipya, hata kama hatakigusa kwa siku nyingi. Vyakula visichanganywe kama hataki. Anayekubali vyakula vichache mno, anayepungua uzito au anayekula udongo aletwe kliniki apimwe damu na minyoo.

6. Sauti. Vifuniko vya masikio kama vile vya mafundi wa mashine husaidia wakati wa kelele. Asivivae kutwa nzima, maana masikio yanaweza kuzidi kuwa mepesi. Msisukume pamba ndani ya sikio.

7. Usalama. Kila jioni wakati wa kuoga, angalieni mwili mzima wa mtoto asiyelia, kuanzia nyayo, vidole, kinywa hadi kichwani. Maji yake ya kuoga yapimwe kwa mkono wa mtu mzima. Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msipake dawa ya meno wala mafuta, kisha mleteni hospitali. Funikeni visima. Watoto wengi wa namna hii huvutwa na maji yanayometameta, nao hawaoni hatari. Akipotea, kimbilieni kwanza kwenye maji na barabarani.

8. Pumziko. Mtoto aliyevumilia shule asubuhi nzima anaweza kulipuka anapofika nyumbani. Mpeni nusu saa ya utulivu kabla ya kumtuma dukani au kumwuliza maswali.

KANISANI NA SHULENI

Kanisa ni mahali penye mambo mengi ya milango ya fahamu kwa pamoja: kengele, ngoma, vigelegele, spika, uvumba, msongamano, nguo za sikukuu. Mzazi ampeleke mtoto siku ya kawaida wakati kanisa ni tupu, aone, aguse mabenchi, asikie kengele ikipigwa mara moja kwa taratibu. Jumapili wakae pembeni karibu na mlango, mbali na spika. Aruhusiwe kutoka na kurudi bila watu kugeuka na kukodoa macho. Watoto wengine huona taabu na hostia kwa sababu inagandamana ulimini. Katekista anaweza kumzoeza kabla ya Komunyo ya kwanza kwa vipande vidogo vya hostia ambazo hazijawekwa wakfu.

Walimu nao tunawaomba wamkalishe mbele, mbali na dirisha la barabarani, na wampe maelekezo mafupi, moja baada ya jingine. Mwanafunzi anayetazama chini wakati mwalimu anaongea huenda ndiyo njia yake ya kusikia vizuri.

Tena tusione upungufu tu. Milango hii iliyo wazi mno huingiza pia mema. Wapo wanaotambua noti ya muziki kwa kuisikia mara moja, wanaoona kosa dogo katika mshono au katika ukurasa wa hesabu ambalo wengine wote wamelipita, wanaosikia gari la baba likiwa bado mbali. Mpeni nafasi ya kazi inayotaka jicho au sikio la namna hiyo.

LINI TUENDE HOSPITALI?

Si kila anayechukia kelele ana usonji. Watoto wadogo wengi huogopa radi, na wengi huchagua chakula. Mleteni mtoto mkiona, pamoja na mambo tuliyoyataja, kwamba ametimiza mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina lake. Ana miezi 18 na hanyooshi kidole kuonyesha kitu. Ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili. Au alikuwa akisema kisha akaacha, kwa umri wowote.

Kwanza tutampima masikio, kwa kuwa uziwi na usaha wa sikio hufanana na kutojali. Lakini mtoto asiyegeuka akiitwa, huku akisikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili, huyo masikio yake yanafanya kazi na inafaa achunguzwe zaidi. Tutauliza pia kama ana degedege au kifafa, maana kifafa huwapata wenye usonji zaidi ya wengine. Kisha tunaweza kumwandikia barua ya kwenda kwa madaktari wa watoto katika hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi au Bugando Mwanza. Na mnapokuja, mwambieni muuguzi mapema kwamba mtoto haziwezi kelele au mwanga, ili tumwone kabla foleni haijamchosha.

MAMA YULE ALIRUDI

Yule mama wa kwanza alirudi baada ya mwezi na daftari la kurasa nne. Aliandika mambo matatu zaidi ya mengine yote: mvua juu ya bati, mashine ya kusaga, na spika ya kanisani. Kumbe kila Jumapili familia ilikaa benchi lilelile chini ya spika, kwa sababu ndipo babu alipokuwa akikaa.

Walihama benchi. Siku hizi baba, ambaye zamani alishika fimbo, huingia na mtoto baada ya wimbo wa mwanzo. Mtoto bado anaziba masikio. Bado hasemi maneno mengi, na ziko Jumapili ambazo hurudi nyumbani kabla ya mahubiri. Lakini miguuni hana alama tena. Na ngoma za Utukufu zinapokaribia, bibi yake ndiye anayesimama, anamshika mkono kwa nguvu kama anavyopenda, na kwenda kukaa naye chini ya mwembe hadi ziishe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtoto au mtu mzima tunayemwita mkaidi, mwenye pepo au asiye na adabu? Ni sauti, mguso, mwanga au harufu gani inayomsumbua?

2. Tunapokutana kusali nyumbani kwake, tunaweza kubadilisha nini ili naye abaki nasi?

3. Nani kati yetu anaweza kumpokea mtoto huyo kwa saa mbili kwa wiki ili mama yake apumzike?

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema.